Kushona kwa mkono ukiwa foleni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila mara kwa watu wanaobeba sindano na uzi ili wasikae bure zahanati, kivukoni, benki au nje ya geti la shule. Mwanzo ni ya mtu asiyejua kitu, mwisho ni ya mambo yanayotokea mara moja moja. Jibu likiwa limeshatolewa kwingine, utaelekezwa huko.

## Kabla ya kuanza

Kazi gani inafaa kubebwa?

Ile inayokatizika. Jina lako likiitwa dirishani huna muda wa kumalizia mstari. Kazi nzuri ya foleni ni ile unayoiacha sindano ikiwa katikati ya mshono, ukaikunja na kuitia kwenye mkoba, halafu keshokutwa ukiifungua ukajua ulipoishia bila kuhesabu kitu. Pindo la kanga liko hivyo. Kuunga vipande vya viraka kuko hivyo. Kiua kimoja cha kofia, yaani kitundu kilichozungushiwa uzi, kiko hivyo. Zipu haiko hivyo, wala kola, wala mkono wa gauni, wala chochote kinachodai kupimwa mwilini.

Watu wengi huchagua kazi kwa uzuri wake, wakabeba kitambaa cha meza chenye rangi kumi na mbili na karatasi ya mchoro. Siku ya kwanza wanashona, siku ya pili wanatafuta rangi ya kijani chini ya benchi, siku ya tatu kitambaa kinabaki nyumbani. Rangi moja au mbili, kipande kinachoshikika kwa mikono miwili bila meza, basi.

Ninakata na kupima saa ngapi sasa?

Nyumbani. Kukata, kupima, kuchora kwa penseli, kupiga pasi, kuchagua uzi: yote nyumbani, usiku uliotangulia kama una miadi asubuhi. Unachobeba ni ile sehemu inayojirudia tu. Anayetoa mkasi mkubwa na futi kwenye benchi la kliniki hataufikisha mshono hata mmoja kabla hajaitwa.

Sijawahi kushona kabisa. Nianze na nini?

Kupinda kanga. Mshono ni mmoja tu, makosa hayaonekani, na hata ukiacha nusu kanga bado inavalika. Maelezo yako chini, kwenye sehemu ya kazi zenyewe.

Si afadhali nifume?

Kufuma vitambaa kwa sindano ya ndoano ni kazi nzuri ya kusubiria na wengi wanaifanya, ila ukurasa huu ni wa sindano ya tundu. Tofauti kubwa ni kwamba cha kufuma kikiponyoka kinafumuka, mshono hauendi popote.

Mimi ni mwanaume. Watu hawatanishangaa?

Dakika tano za kwanza, labda. Halafu wanakumbuka kwamba mafundi cherehani wa barazani wengi ni wanaume, na kwamba tanga la jahazi linapochanika anayelishona kwa mkono ni baharia. Atakayekaa karibu nawe mwisho atakuuliza kama unaweza kumrudishia kifungo cha shati.

## Vifaa

Nibebe vitu gani?

Sindano mbili (moja ikikatika ubaki na nyingine), uzi, subana (kile kikofia cha kukinga kidole), kitu cha kukatia, na kazi yenyewe. Vyote vitoshe kwenye kopo la bati la pipi au la mafuta ya kujipaka. Ukiwa na redio mbovu nyumbani, toa sumaku ya spika yake uigandishe ndani ya mfuniko: sindano haitachezacheza, na ikianguka sakafuni kopo lenyewe linaitafuta.

Sindano iliyopumzika ichomekwe kwenye kipande cha flaneli ndani ya kopo. Usiichomeke kifuani kwenye nguo uliyovaa, wala kwenye kiti cha basi, hata kwa nusu dakika. Mtu akikukumbatia ndipo utakumbuka iko wapi.

Sindano namba ngapi?

Kwa sindano za mkono, namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba. Saba hadi tisa zinatosha kwa kanga, kitenge na mashati. Kwa kofia shuka kwenye wembamba zaidi, tisa au kumi. Ukinunua pakiti yenye saizi mchanganyiko, zile nene kabisa ziweke kwa magunia na magodoro.

Uzi uwe na urefu gani?

Dhiraa moja: kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati, sentimita 45 hadi 50 hivi. Mtu akiona uvivu wa kutunga tena huvuta uzi mrefu kama mkono mzima, na muda anaodhani ameuokoa anaumalizia kwenye vifundo. Tena kwenye benchi lililojaa, uzi mrefu maana yake kila mshono unampiga jirani kiwiko.

Mbona uzi wangu unajisokota na kufunga vifundo?

Kwanza angalia urefu (swali lililotangulia). Pili, upitishe uzi juu ya mshumaa mara mbili kabla ya kushona. Nta inaulaza ule unyoyaunyoya unaoshikana. Tatu, kila baada ya mishono ishirini hivi iachie sindano ininginie hewani. Itazunguka yenyewe na kuufungua msokoto. Uzi wa cherehani wa poliesta ni mtundu kuliko wa pamba, kwa hiyo huo usiupeleke popote bila nta.

Uzi wa kudarizi unaouzwa kwa vishada una nyuzi sita zilizolala pamoja. Zitenganishe: vuta moja moja kwa juu huku ukikishika kishada kwa vidole, kisha unganisha mbili au tatu unazozihitaji. Ukivuta tatu kwa pamoja utapata kiota.

Macho yangu hayaoni tundu la sindano.

Tunga sindano tano au sita nyumbani kwenye mwanga, kila moja na uzi wake, uzichomeke kwenye flaneli kwa mpangilio. Ukimaliza moja unachukua nyingine. Kama ni lazima utunge njiani, kata uzi kwa mshazari, weka kitu cheupe nyuma ya tundu (risiti inafaa), na ulete tundu kwenye uzi badala ya kuhangaika kupeleka uzi kwenye tundu. Kuna pia kile kidude cha bati chenye waya mwembamba cha kutungia uzi; maduka ya vifaa vya mafundi wanakiuza.

Ni lazima nitumie subana?

Kwa kanga, hapana. Kwa kofia yenye tabaka za kitambaa, au jinzi, kidole kitakujibu siku ya kwanza. Wengine wanaiita kastabani. Ukiomba kwa jina moja wasielewe, omba kwa jingine.

## Kazi zenyewe

Kanga inapindwaje kwa mkono?

Kanga huuzwa doti, yaani mbili zilizoungana, kila moja kama sentimita 150 kwa 110. Ukizikata kwenye mstari unaozitenganisha, pande ndefu tayari zina kingo zilizofumwa kiwandani na hazichanui nyuzi. Zinazohitaji kupindwa ni pande fupi, mbili kwa kila kanga, nne kwa doti nzima: mita nne na kidogo za pindo. Hiyo ni kazi ya foleni kadhaa, na inabebeka hadi mwisho.

Pinda kabla ya kufua. Najua wengi hufua kwanza ili kanga ilainike, lakini ule wanga wa dukani ndio msaada wako: unakunja ukingo nusu sentimita, unapitisha ukucha, mkunjo unakaa. Kunja tena mara ya pili ili ncha iliyokatwa ifichike ndani. Kifundo kifiche ndani ya mkunjo. Halafu chomoza sindano kwenye ukingo wa mkunjo, okota nyuzi mbili tu za kitambaa cha chini, rudi ndani ya mkunjo, tembea kama nusu sentimita ukiwa umejificha humo, chomoza tena. Upande wa mbele visionekane zaidi ya vidoa vidogo. Rangi ya uzi ifuate rangi ya pindo la kanga (ule mpaka wa mchoro unaoizunguka), si ya mji (sehemu ya katikati), kwa kuwa mshono wote unapita kwenye pindo.

Usikunje upande wote kwa mara moja nyumbani na kuubana kwa pini. Pini kumi kwenye mkoba ni balaa. Kunja shubiri moja, shona, kunja nyingine.

Vipande vya vitenge vilivyobaki kwa fundi vinafaa kitu?

Vinafaa sana, na fundi wako atakushukuru ukimpunguzia zile takataka sakafuni. Njia inayobebeka vizuri kuliko zote ni ya pande sita juu ya karatasi.

Chora umbo la pande sita zilizo sawa, kila upande sentimita 2.5, kwenye karatasi ngumu. Kadi za mchango wa harusi ndizo bora: zina ugumu hasa unaotakiwa, na kila nyumba ina rundo lake. Kata vya kutosha. Kata kitenge kwa umbo hilohilo lakini kizidi milimita 7 kila upande. Kunja ule ziada juu ya karatasi, upige bandi (mishono mirefu ya muda) kuzunguka ili ukae. Hapo unapata kigae kigumu kidogo. Vigae viwili ukivigeuza uso kwa uso, unavishona ukingoni kwa mishono midogo ya kuzungushia, ukiokota kitambaa tu, bila kutoboa karatasi. Kimoja katikati na sita kuzunguka, umepata ua. Karatasi inatolewa kigae kikishazungukwa pande zote, na inatumika tena.

Nyumbani unapiga bandi, njiani unaunga. Au kinyume chake, maana hapa hatua zote mbili zinakatizika. Ubaya wake mmoja: shuka la kitanda litakula miaka. Anza na mto, au kishikio cha sufuria, ambacho ni ua moja lenye mgongo.

Vifungo na sare za shule?

Ni kazi ya haraka na hailiwazi, lakini foleni ya benki ndiyo mahali pake. Kifungo cha koti au sketi nzito kiwekee njiti ya kiberiti juu yake unaposhona. Ukiitoa, uzi uliolegea uuzungushie chini ya kifungo ili kipate shingo. Kisipokuwa na shingo kinavuta kitambaa na kung'oka tena kabla ya muhula kwisha.

Kofia ya kushona kwa mkono inawezekana kubebwa?

Inawezekana, na pwani imebebwa tangu zamani. Kofia hizi za Unguja, Pemba na Lamu, na kumma za Oman ambazo kazi yake ni ya jamii hiyohiyo, zina vipande viwili: duara la utosini na mkanda wa kuzunguka kichwa. Kila kimoja kinadariziwa peke yake, kisha mwisho vinaungwa. Maana yake kazi nzima, hadi karibu na siku ya mwisho, ni vitambaa viwili vidogo vya pamba nyeupe vinavyokunjika ndani ya leso.

Mchoro unachorwa kwa penseli nyumbani. Kinachofanyika njiani ni viua, vile vitundu vilivyozungushiwa uzi. Kwa kila kimoja, toboa kwa sindano nene, ukizisukuma nyuzi za kitambaa pembeni bila kuzikata. Zungusha sindano humo mpaka tundu lifunguke milimita mbili tatu. Badili sindano, shika ya uzi, na uanze kuzungushia ukingo wa tundu: ingia kwa chini karibu na alama ya penseli, shuka katikati ya tundu, vuta kuelekea nje. Huo mvuto wa kuelekea nje ndio unaoliacha tundu wazi. Ukivuta kuelekea juu, linajifumba na linabaki kidoti. Mishono ilale ubavu kwa ubavu, bila kupandana. Ukimaliza kimoja, pitisha uzi upande wa nyuma hadi kinachofuata kama viko karibu. Vikiwa mbali, kata.

Kofia yenye viua vilivyojaa inachukua miezi. Anayekuambia wiki mbili anakuuzia ya mashine.

Kuunga duara na mkanda kufanyie nyumbani, mezani, baada ya kupima kichwa cha mvaaji. Kufua, kutia wanga na kukausha juu ya kalibu pia ni kwa nyumbani.

Nitaiwekaje kazi nyeupe isichafuke?

Nawa mikono, usiguse simu na kitambaa kwa zamu, na sehemu iliyokwisha ifunike kwa leso safi, ukiacha wazi ile unayoishona tu. Karanga za kwenye kikaratasi na kofia haviendi pamoja.

Naweza kuuza ninachoshona foleni?

Kofia, ndiyo, zina wanunuzi wanaojua kutofautisha mkono na mashine. Viraka vya pande sita, mara chache. Mnunuzi ataangalia ukubwa, hataangalia mishono. Pindo la kanga hakuna atakayekulipa, ila majirani watakuletea zao.

## Mahali na mahali

Hospitali?

Sehemu ya kusubiri, sawa. Wodini, muulize muuguzi. Kabla ya kipimo cha sumaku kile cha kuingizwa kwenye mtambo, hakikisha huna sindano nguoni wala mkobani. Chuma hakiingii chumba kile. Na sindano yoyote unayoiokota hospitalini, hata ikiwa inafanana na yako, si yako. Sindano ikikuchoma na hujui imetoka wapi, osha kwa sabuni na maji mengi na umwambie mhudumu palepale: kuna homa ya ini na VVU vya kufikiria, na dawa za kinga huanzwa mapema.

Pantoni na boti?

Kwenye foleni ya pantoni ya Kigamboni au feri ya Likoni unasimama, na watu wanasukumana wakifungua geti. Usitoe sindano. Boti ya Dar es Salaam kwenda Unguja ni kama saa mbili, unakaa, na bahari ikitulia unaweza. Ila kuinamia mishono midogo wakati chombo kinayumba huleta kichefuchefu hata kwa wasiotapika. Shona wakati wa kusubiri kupanda, baharini tazama upeo.

Basi, daladala, treni?

Gari likitembea, hapana. Breki moja ya ghafla inatosha. Basi la mikoani likisimama mizani au likipata pancha, toa kopo lako. Treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma na treni ya dizeli ya Nairobi hadi Mombasa zimetulia kiasi cha kuunga vigae. Stesheni zina ukaguzi wa mizigo, kwa hiyo suala la mkasi linafanana na la ndege, hapo chini.

Ndege: wataninyang'anya mkasi?

Sindano za kushonea kwa kawaida hupita. Mkasi ndio wenye masharti. Uingereza na Umoja wa Ulaya wanaruhusu kwenye mzigo wa mkononi makali yasiyozidi sentimita 6. Marekani wanaruhusu chini ya inchi 4, wakipima kuanzia kwenye kile kiungo cha katikati. Lakini neno la mwisho ni la mkaguzi aliye mbele yako, na ukibadilisha ndege njiani unakaguliwa upya kwa sheria za huko. Vile vikata uzi vya duara vyenye wembe ndani huzuiwa.

Jibu la vitendo ni kikata kucha. Kinakata uzi safi, na hakuna anayekitazama mara mbili.

Msibani, kikaoni, ibadani?

Msibani usibebe. Hata kama mmekaa jamvini siku tatu, mikono ya msibani ni ya kuosha vyombo na kushika mikono ya watu. Kikao cha shule au cha kikoba, kaa nyuma, na ukiulizwa swali weka kazi chini kabla hujajibu. Ibadani hapana.

## Mambo ya nadra

Nimefunga. Kulowesha uzi mdomoni kunakubalika?

Uliza sheikh wako kama unataka hukumu. Kwa upande wa kushona, hakuna haja: uzi uliokatwa mshazari na kupitishwa kwenye mshumaa unaingia tunduni bila mate. Hata usipofunga, mate huuvimbisha uzi wa pamba na kuutawanya ncha.

Mwenye duka amekataa kuniuzia sindano usiku. Kwa nini?

Ni mwiko wa mitaa mingi, na wenye maduka wengine wanaushika mpaka leo. Usibishane naye. Nunua pakiti mchana, uwe na akiba.

Sindano imeanguka kwenye kiti na siioni.

Usiondoke, na usipapase kwa kiganja. Simamisha watu, pitisha sumaku (tazama swali la vifaa), kisha mulika kwa tochi ya simu ukiwa umeilaza chini kabisa ili mwanga upite juu ya sakafu, sindano itang'aa. Uzi mrefu wa rangi kali uliobaki tunduni hukuokoa hapa, kwa hiyo usiache sindano tupu.

Nimejichoma, damu imedondokea kitambaa cheupe.

Maji baridi na sabuni, mara moja. Maji ya moto yanaigandisha damu na doa haliondoki. Ukiwa kwenye benchi bila maji, lowesha kipande cha uzi mweupe kwa mate yako mwenyewe, kikunje, uligongegonge doa nacho hadi utakapofika bombani. Kidole nacho kioshe. Kama sindano ilikuwa na kutu au ilikuwa chini, na hukumbuki chanjo yako ya mwisho ya pepopunda, ulizia.

Niliacha kazi ikakaa miezi, sasa kuna alama ya kutu mahali sindano ilipokuwa.

Hali ya hewa ya pwani inaila sindano ndani ya wiki chache, ndiyo maana inatolewa kitambaani kila kazi inapowekwa kando kwa zaidi ya siku chache. Kwa pamba nyeupe, kamulia ndimu juu ya alama, tia chumvi, anika juani mpaka ikauke, suuza, rudia ikibidi. Kwa kanga au kitenge usijaribu hivyo kabla hujapima kwenye kona, kwa sababu ndimu na jua vinaweza kuondoka na rangi pamoja na kutu. Doa likigoma na liko kwenye mkanda wa kofia, angalia mchoro: mara nyingi kiua kimoja cha ziada kinaweza kukaa palepale, na kingine upande wa pili ili vilingane.